Mama Atalala Wapi Mina?

SWALI: Assalaam alaykum, sheikh. Mimi ni fundi cherehani hapa Moshi. Mama yangu anaishi Majengo, umri umekwenda na magoti yanamsumbua, hata kufika soko la Mbuyuni siku hizi ni mpaka bodaboda. Kwa muda mrefu nimekuwa nikidunduliza nimpeleke Hija, lakini bei za vikundi zimenishinda. Sasa nimepata wakala anayesema atatupeleka wote wawili kwa karibu nusu ya bei, kwa viza ya matembezi, tutangulie Makka na kukaa kimya mpaka Hija ifike. Nilipomuuliza kuhusu malazi ya Mina, bonde la karibu na Makka wanakolala mahujaji, alinisomea hadithi kwamba Mina ni ya aliyetangulia. Akasema hema ni anasa ya wenye fedha, Maswahaba walilala chini, nasi tutatandika mkeka njiani na kumtegemea Allah. Nimeshampa arbuni. Je, Hija yetu itaswihi? Na tukikosa mahali pa kulala Mina, itatulazimu kuchinja mnyama wa fidia?

JIBU: Waalaykum salaam warahmatullahi wabarakatuh. Swali lako limeninyima raha, na si kwa kosa lako. Mtoto anayeshona nguo za watu ili mama yake aione Kaaba ni mtoto wa kuombewa dua. Aliyeniudhi ni huyo aliyeichukua hadithi ya Mtume (s.a.w.) akaifanya tangazo la biashara.

Nikujibu kwanza ulichouliza. Mtu akihirimia, akasimama Arafa kwa wakati wake, akatufu Kaaba na kusai baina ya Safa na Marwa, akanyoa au kupunguza nywele, Hija yake imeswihi hata kama aliingia bila kibali. Wanavyuoni wetu wa Kishafii husema vivyo hivyo kwa anayeswali katika ardhi aliyoipora: swala imepita, dhambi imebaki. Kwa hiyo wakala akikwambia Hija itaswihi hajasema uongo. Alichokuficha ni nusu ya pili.

Sasa hadithi yenyewe. Bibi Aisha (r.a.) amesimulia kwamba Mtume (s.a.w.) aliulizwa: tusikujengee Mina nyumba ya kukupa kivuli? Akajibu: hapana, Mina ni mahali pa kufikia kwa aliyetangulia. Wameipokea Abu Dawud, Tirmidhi na Ibn Majah. Wapo waliotia doa isnadi yake, yaani mnyororo wa wasimulizi wake, lakini sitajificha nyuma ya hilo, maana mafakihi wameitumia tangu zamani. Jiulize tu: aliyekuwa akizuiwa hapo ni nani? Alikuwa Mtume mwenyewe, asijimilikishie kipande cha bonde ambalo ni la mahujaji wote. Hadithi imekuja kumzuia mwenye nguvu asimzibie mnyonge nafasi. Huyu bwana ameigeuza, ikawa ruhusa ya kumwingilia mtu ambaye nafasi yake imeshapangwa na kulipiwa.

Maana Mina ya leo si uwanja mtupu. Aprili 1997 moto uliwaka katika mahema, mahujaji wapatao 343 wakafariki. Baada ya hapo yakajengwa mahema ya kitambaa kisichoshika moto, yamepangwa kwa kambi na namba, kila nchi na kila kikundi kina eneo lake na lango lina mlinzi. Hapo hakuna kutangulia. Ukifika lango la kambi na mama yako huna kitambulisho, utarudishwa. Na ukipenya kwa ujanja ukalala kwenye godoro la hujaji wa Tanga au wa Java, umemdhulumu mtu aliyedunduliza kama wewe. Nchi za Kiislamu zilikubaliana tangu miaka ya 1980 kwamba kila nchi ipeleke takriban mahujaji 1,000 kwa kila Waislamu milioni moja, kwa sababu bonde ni dogo na watu ni wengi. Anayeongezeka nje ya hesabu hiyo anakula kivuli, maji na nafasi ya mwenzake.

Atakwambia: lakini Allah amesema katika Sura ya Hajj, aya ya 25, kwamba Msikiti Mtakatifu ameufanya kwa watu wote, sawasawa mkaazi na mgeni, vipi serikali iweke vibali? Aya hiyo inamkataza mtu kumzuia mwenzake kwa kiburi na dhulma. Haimkatazi msimamizi kuwapanga watu wasikanyagane. Na usawa utapatikanaje ikiwa aliyefuata foleni anasukumwa pembeni na asiyefuata? Aprili 2024 Baraza la Wanavyuoni Wakubwa la Saudia lilitamka wazi kwamba kwenda Hija bila kibali hakujuzu na mwenye kufanya hivyo anapata dhambi. Wapo watakaosema hao ni wanavyuoni wa serikali. Sawa, waacheni. Viza ya matembezi ni ahadi uliyoitia saini, na Mtume (s.a.w.) amesema Waislamu wapo juu ya masharti yao. Unataka kuanza ihramu, vazi la ukweli, kwa kumdanganya afisa wa uwanja wa ndege?

Lililonichoma zaidi ni hilo la kumtegemea Allah. Ibn Abbas (r.a.) amesimulia, na Bukhari ameipokea, kwamba watu wa Yemen walikuwa wakienda Hija bila masurufu na wakisema: sisi ndio wenye kutegemea. Wakifika Makka wanaomba watu. Ndipo ikateremka katika Sura ya Baqara, aya ya 197, amri ya kuchukua masurufu, na kwamba masurufu bora ni ucha Mungu. Yaani Qur'ani imeshayajibu maneno ya wakala wako karne nyingi kabla hajafungua ofisi, kama anayo ofisi. Tena Maswahaba anaowataja walikuja na ngamia, mahema na maji yao. Mtume (s.a.w.) mwenyewe alipigiwa hema Namira, karibu na Arafa, akalikuta limesimama.

Na huo mkeka wa njiani? Katika Sahihi Muslim Mtume (s.a.w.) amekataza msafiri anayepumzika usiku kulala juu ya njia, kwa kuwa ni mapito ya wanyama na makimbilio ya wadudu. Leo hapo yanapita magari ya wagonjwa, na umati wa watu waendao kurusha mawe. Aliyelala njiani amejihatarisha na amewazibia wengine.

Hebu tuziangalie hizo njia kwa miguu ya mama yako. Kutoka Mina mpaka Arafa ni kilomita kama 14, karibu sawa na kutoka Arusha mjini hadi Tengeru, halafu kurudi kupitia Muzdalifa, iliyo kati ya Arafa na Mina, halafu Jamarati panaporushwa mawe, halafu Makka na kurudi tena Mina. Wenye kikundi wana basi au treni. Asiye na kibali hapandi, anatembea. Mwaka 2024 Hija iliangukia Juni, joto katika Msikiti Mtukufu likafika nyuzi 51.8. Saudia ilitangaza vifo 1,301, na ikasema asilimia 83 ya waliofariki hawakuwa na kibali: walitembea masafa marefu juani bila kivuli wala mahali pa kupumzika. Wengi wao walikuwa wazee, na wengi walikuwa wameuziwa safari kama hii unayouziwa. Mwaka uliofuata faini ya anayejaribu kuhiji bila kibali ikapandishwa hadi riyali 20,000, pamoja na kufukuzwa na kuzuiwa kurudi kwa miaka 10. Ukimpoteza mama katika njia ile, utampigia nani simu, wakati kikundi huna na jina lenu halimo katika orodha yoyote?

Allah amesema msijitupe kwa mikono yenu katika maangamizi. Na Hija ameifaradhisha kwa mwenye kuweza njia. Uwezo katika madhehebu yetu ni nauli na chakula, na vilevile amani ya njia. Kwa hali uliyoieleza, wewe na mama hamjawajibikiwa bado. Hamna deni mnalolikimbia.

Kuhusu kulala Mina, nikujibu kwa ajili ya siku mtakayokwenda kwa njia yake, kwa kuwa hata wenye vibali hupata tabu hii. Kauli yenye nguvu kwetu ni kwamba kulala Mina sehemu kubwa ya usiku, zile siku tatu baada ya Idi ziitwazo Tashriq, ni wajibu. Aliyeacha usiku mmoja bila udhuru hutoa kibaba kimoja cha chakula, mbili vibaba viwili, na aliyeacha zote tatu huchinja. Lakini mwenye udhuru halazimiki kitu. Al-Abbas (r.a.) aliomba ruhusa alale Makka kwa sababu ya kuwanywesha mahujaji maji, akaruhusiwa. Wachunga ngamia waliruhusiwa. Imam Nawawi, mwanachuoni mkubwa wa Kishafii, ameongeza anayehofia nafsi yake au mali yake, na mwenye mgonjwa wa kumhudumia. Kikundi chenu kikipewa mahema yaliyovuka mpaka na kuingia Muzdalifa, kwa kuwa bonde limejaa, laleni hapo mlipopangiwa na msichinje chochote. Nimesikia wanaowaambia mahujaji wa namna hiyo kwamba Hija yao imebatilika. Huo ni ujinga, kwa sababu wajibu ukikosekana haubatilishi Hija hata kwa asiye na udhuru, sembuse aliyekosa nafasi.

Muzdalifa ni nyepesi zaidi: kwetu hutosha kuwapo hapo hata kitambo baada ya nusu ya usiku. Bibi Sawda (r.a.), aliyekuwa mzito wa mwili na mwendo wake wa taratibu, aliomba kuondoka kabla ya watu kusongamana, akaruhusiwa. Mama yako ana ruhusa hiyohiyo, nawe ukiwa msaidizi wake unaondoka naye. Mawe, akishindwa, utamrushia baada ya kurusha yako. Tawafu na sai atafanya kwenye kiti cha magurudumu. Magoti mabovu hayamfanyi kuwa ameshindwa Hija, kwa hiyo usikimbilie kumtafutia mtu wa kumhijia. Hilo ni la asiyeweza kabisa na asiye na matumaini ya kuweza, kama yule baba mzee wa mwanamke wa Khath'am asiyeweza kukaa juu ya kipando. Ikifika huko, kumbuka kwamba wewe mwenyewe lazima uwe umeshahiji kwanza.

Kuchelewa kusikutishe. Kwa Imam Shafii Hija ni wajibu wenye nafasi, Mtume (s.a.w.) alihiji mwaka wa 10 wa Hijria, na kwa kauli ya wanavyuoni wetu ilikuwa imefaradhishwa mwaka wa 6. Fedha zenu zikitosha mtu mmoja tu, faradhi ya mama ni ya mama na yako ni yako. Lakini ukimtanguliza yeye, basi na aende na kikundi chenye wanawake wa kumshika mkono na kiongozi unayemjua, si jina la kwenye simu.

Arbuni uliyotoa, kaidai leo. Nenda na shahidi mmoja mzima, na ujumbe wake wote wa simu usiufute. Akisema hairudishwi, mwambie kwamba alichokuuzia hakina uhalali wa kuuzwa, kwa hiyo hana haki ya kushika hata shilingi. Akikataa, nenda polisi, kisha umpelekee habari imamu wa msikiti wenu kabla ya Ijumaa, maana sidhani kama wewe ni mteja wake pekee hapo Moshi.

Wallahu a'lam.