Tamasha la Kumuenzi Paul Robeson: Je, Siasa Zake Ziachwe Nje ya Jukwaa?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwalimu wa fasihi mkoani Iringa na mlezi wa kikundi cha maigizo cha vijana. Tunaandaa tamasha la sanaa za maonyesho la kumuenzi Paul Robeson, mwigizaji na mwimbaji mweusi wa Marekani ambaye pia alikuwa mwanaharakati wa kisiasa. Baadhi ya wazazi na walimu wenzangu wanashauri tuonyeshe uigizaji na uimbaji wake tu, na siasa tuziache, kwa kuwa watu watakuja kuburudika. Je, jambo hilo linawezekana? – Mwalimu, Iringa.

JIBU: Ndugu Mwalimu, tunawapongeza kwa kumchagua msanii huyu, ambaye huku kwetu hatajwi inavyostahili. Ushauri mliopewa umetolewa kwa nia njema, lakini hautekelezeki, kwa sababu hakuna namna ya kusimulia maisha ya Robeson jukwaani bila kukutana na siasa zake.

Alizaliwa Princeton, New Jersey, tarehe 9 Aprili 1898, akiwa mtoto wa mchungaji aliyekuwa ametoroka utumwani. Alisomea sheria katika Chuo Kikuu cha Columbia, kisha akaingia katika uigizaji. Mwaka 1930 aliigiza Othello jijini London, na mwaka 1943 akairudia nafasi hiyo Broadway, New York, ambako tamthilia hiyo ilionyeshwa mara 296, idadi ambayo hakuna tamthilia ya Shakespeare iliyokuwa imewahi kuifikia huko. Kundi lilipoanza kuzunguka miji mingine, alikataa kupanda jukwaa lolote ambalo watazamaji wake weusi walitengwa na weupe. Mkiigiza Othello wake na kulinyamazia sharti hilo, vijana wataondoka bila kujua ni nani waliyekuwa wakimtazama.

Mwaka 1950 Serikali ya Marekani ilimnyang'anya pasipoti kwa sababu ya misimamo yake, ikiwemo kuupinga ukoloni barani Afrika, na huku nyumbani kumbi nyingi zikamfungia milango. Wakati ule Mmarekani hakuhitaji pasipoti kuingia Kanada, lakini mwaka 1952, alipotaka kwenda kuwaimbia wafanyakazi wa migodini, alizuiwa hata kuuvuka mpaka huo. Wafanyakazi hao waliamua kumfuata mpakani. Tarehe 18 Mei 1952 Robeson alipanda nyuma ya lori lililoegeshwa upande wa Marekani, akaimba, na maelfu ya watu wa pande zote mbili za mpaka wakamsikiliza. Mwaka 1957 wachimbaji wa makaa ya mawe wa Wales walimsikiliza kwa njia ya simu iliyopita chini ya bahari ya Atlantiki, kwa kuwa bado alikuwa haruhusiwi kusafiri. Pasipoti alirudishiwa mwaka 1958, baada ya Mahakama Kuu ya Marekani kuamua, katika kesi ya watu wengine, kwamba Wizara ya Mambo ya Nje haikuwa na mamlaka ya kumnyima raia pasipoti kwa sababu ya itikadi yake.

Tungekuwa ninyi, onyesho kuu la tamasha lingekuwa hilo la mpakani. Linahitaji lori moja la kupakia mbao, ambalo kwa watu wa Iringa na Mafinga si shida kulipata, uwanja wa wazi, na kamba iliyokazwa katikati ya watazamaji. Nusu wakae upande huu na nusu upande ule, na mwigizaji aimbe akiwa juu ya lori bila kuivuka kamba. Hata mzazi anayesema amekuja kuburudika atakuwa amekwisha kukaa upande mmojawapo.

Msiache pia kuwakumbusha vijana kwamba Robeson aliongoza Baraza la Masuala ya Afrika, chama cha Wamarekani kilichotetea uhuru wa Waafrika miaka mingi kabla ya bendera yetu kupandishwa, na ambacho mwaka 1946 kilichangisha msaada kwa ajili ya wenye njaa Afrika Kusini. Mkoa wenu una Mgagao, wilayani Kilolo, ambako wapigania uhuru wa Zimbabwe walipata mafunzo. Wazee wanaoikumbuka kambi hiyo wangefaa kualikwa wazungumze kabla ya maonyesho kuanza.

Lipo jambo moja gumu, nalo pia tunawasihi msilifiche. Robeson aliisifu Urusi ya Kisovieti hadharani na kupokea tuzo ya amani iliyobeba jina la Stalin. Mwaka 1949 alikutana Moscow na rafiki yake, mshairi Itzik Feffer, aliyekuwa tayari kizuizini. Feffer aliuawa mwaka 1952, na Robeson hakuyalaani hadharani mateso ya aina hiyo. Kwa maoni yetu, ukimya huo ulikuwa kosa kubwa, na kikundi kinachomheshimu kinaweza kulisema kosa hilo bila kumshushia hadhi. Baada ya onyesho, wapeni vijana nafasi ya kulijadili bila kuwapangia la kusema.

Kuhusu kibali, mwoneni mapema Afisa Utamaduni wa halmashauri yenu, mkiwa na andiko kamili la maonyesho.

SWALI: Ni kweli kwamba Robeson alijifunza Kiswahili? – Msomaji, Tukuyu, Mbeya.

JIBU: Ni kweli. Katika miaka ya 1933 na 1934 alijiandikisha katika chuo cha lugha za Mashariki na Afrika jijini London, akasoma Kiswahili na lugha nyingine za Kiafrika, kwa kuwa alitaka kuzijua asili zake kwa kusoma na kusikiliza mwenyewe. London ndiko alikofahamiana na Jomo Kenyatta. Wote wawili walionekana katika filamu moja ya mwaka 1935 iliyopigwa Uingereza, Robeson akiwa mwigizaji mkuu na Kenyatta akiwa katika nafasi ndogo. Filamu hiyo ilipokamilika iligeuka kuwa sifa kwa watawala wa kikoloni, na Robeson aliikana. Kikundi cha Iringa kikitaka kuionyesha, kiieleze historia hiyo kabla taa hazijazimwa.