Ukienda kuziona ngome za kusini mwa Ufaransa, anza kwa kuuliza maji

Ami yangu alifanya kazi ya uashi Mombasa kwa zaidi ya miaka 40. Alipokuja kututembelea Toulouse mwezi wa Mei, nikasema nitampeleka kuziona ngome za milimani, maana mimi nimeshazizunguka miaka sita na najiona mwenyeji. Tulipofika Quéribus nilimwonyesha mnara, nikamweleza habari za wafalme. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza: "Sasa hawa maji walikuwa wakiyatoa wapi?"

Sikuwa na jibu. Miaka sita nilikuwa nimepita kando ya birika la maji ya mvua bila kusimama.

Tangu siku ile naziangalia ngome kwa jicho jingine, na ndiyo sababu naandika haya. Wengi wetu tunaoishi Ulaya, na jamaa wanaotutembelea, tukisikia ngome za Ufaransa tunakwenda Carcassonne peke yake. Carcassonne ni nzuri, ina minara 52 na kuta mbili zinazozunguka mji wa kale wote, na sikuzuii kwenda. Ila jua kwamba sehemu kubwa ya unachokiona juu, hasa yale mapaa yaliyochongoka, ni kazi ya ukarabati aliouanza msanifu majengo Viollet-le-Duc mwaka 1853. Nenda jioni, watu wakishapungua. Siku zako mbili au tatu zilizobaki zipeleke milimani, mpakani mwa mkoa wa Aude na nchi ya Perpignan.

Huko utazikuta Quéribus, Peyrepertuse, Puilaurens, Aguilar na Termes. Watu huziita ngome za Wakathari, wale Wakristo ambao Kanisa liliwahesabu kuwa wazushi na kuwapiga vita kuanzia 1209. Ni kweli walijificha huko, na Quéribus ilikuwa miongoni mwa ngome za mwisho kusalimu amri, mwaka 1255. Lakini kuta nyingi zilizosimama leo zilijengwa au kuongezwa na mfalme wa Ufaransa baada yao. Mwaka 1258 mkataba wa Corbeil uliweka mpaka na Aragon, ufalme wa upande wa Hispania, hapohapo, ngome hizi zikawa walinzi wa mpaka. Mwaka 1659 mkataba mwingine ukausogeza mpaka kusini hadi milima ya Pyrenees, na walinzi wakawa hawana cha kulinda. Ukilijua hilo hutajiuliza tena kwa nini majumba makubwa namna ile yaliachwa yabomoke.

Ushauri wangu wa kwanza: ngome mbili kwa siku, basi. Mara ya kwanza nilipanga nne. Ilikuwa Agosti, nimewachukua mke wangu na watoto wawili, na chupa moja ya maji ya lita moja na nusu. Peyrepertuse iko kwenye ukingo wa mwamba, mita 800 hivi juu ya bahari, na ngome yenyewe ina urefu wa kama mita 300. Hakuna kivuli cha maana. Tulipofika kwenye ngazi zilizochongwa mwambani, zinazopanda kwenda ngome ya juu, binti yangu wa miaka minane alishika kichwa akakaa chini. Midomo ilikuwa mikavu, hataki hata kusema. Nilimbeba mgongoni kushuka mpaka kwenye gari. Ilinichukua muda mrefu kujisamehe. Kwa hiyo: lita moja na nusu kwa kila mtu, watoto nao wahesabu, kofia, na ufike asubuhi mlango unapofunguliwa. Ukishapita dirisha la tiketi usitegemee kupata maji mbele.

Viatu pia. Mawe ya pale yamekanyagwa na watu karne kwa karne hadi yakalainika kama sabuni, na mvua kidogo tu yanateleza. Kandambili ziache hotelini. Na uulize habari za upepo kabla hujaondoka. Upande ule una upepo wa kaskazini magharibi unaoitwa tramontane, ukivuma kwa nguvu unaweza kumyumbisha mtu mzima, na siku mbaya hizo ngazi za juu hufungwa. Wakikwambia leo haipandwi, usibishane nao.

Chakula kinahitaji maarifa yake. Vijijini jikoni hufungwa saa nane mchana, na ukifika nane na robo hupati kitu. Nunua mkate asubuhi; Cucugnan, kijiji kilicho chini ya Quéribus, kuna kinu cha upepo na mkate mzuri sana. Anayekula halali afanye ununuzi wake Perpignan au Narbonne kabla ya kupanda, kisha vijijini aongeze jibini ya mbuzi, nyanya na matunda. Sisi tulikula hivyo tukiwa tumekaa ukutani, mizabibu ya kijiji cha Maury imetandazwa chini yetu kama mkeka.

Nirudi kwa ami. Quéribus alipanda polepole, magoti yake si ya jana, akisimama kila baada ya hatua thelathini. Ndani ya mnara kuna chumba kirefu chenye nguzo moja inayobeba dari lote la mawe, na nguzo hiyo haiko katikati. Watalii walikuwa wanaitazama juu. Ami aliinama akaitazama chini, pale inapogusa sakafu, akakaa hapo labda dakika kumi. Halafu akaniita nione viungo vya mawe. "Chokaa hii ilipikwa ikaiva. Na mchanga wameuchekecha." Akanikumbusha namna walivyokuwa wakichoma matumbawe kupata chokaa alipokuwa kijana. Kesho yake Peyrepertuse alikwenda moja kwa moja kwenye birika. Alitazama pembe zake, akatafuta mabaki ya lipu ndani, akakadiria mvua ya paa lipi iliingia wapi. Akasema askari wa ngome ile idadi yao hupangwa na birika, haipangwi na mfalme.

Kwa hiyo ukifika ngome yoyote, uliza mambo mawili: maji yalitoka wapi, na walikuwa wanaogopa silaha gani. Ngome za milimani ziliogopa ngazi, moto na mitambo ya kurusha mawe, ndiyo maana zimekwea juu na kuta zake ni ndefu na nyembamba. Kisha, siku ya mwisho, shuka tambarare uende Salses. Hii usiikose hata kidogo. Haihitaji gari, treni inasimama kijijini na ngome ni mwendo mfupi kwa miguu.

Salses ilianza kujengwa mwaka 1497 kwa amri ya Ferdinand wa Aragon, wakati eneo hilo lilikuwa lake, na mizinga ilikuwa imeshabadilisha vita. Ukiwa mbali unaiona kama imezama. Imechimbiwa handaki, kuta zimelala chini humo zikiwa na unene wa kama mita 10 mahali pengine, na juu zimeviringwa ili tufe la mzinga liteleze lipite. Hakuna mnara wa kujivunia, kuna unene tu. Wenye miaka chini ya 18 huingia bure, na raia wa Umoja wa Ulaya au wakazi halali wa Ufaransa walio chini ya 26 pia, hivyo vijana wetu wa huku wachukue vitambulisho.

Tulipovuka daraja la handaki ami alisimama. "Hii mbona kama Ngomeni," akasema.

Fort Jesus ya Mombasa, ndiyo hiyo Ngomeni, ilianza kujengwa mwaka 1593 na Wareno, ramani ikachorwa na Mwitaliano Cairati. Wakati huo Ureno ilikuwa chini ya Felipe wa Pili, mfalme wa Hispania, na Salses ilikuwa ngome yake yuleyule. Zimepishana karibu miaka mia, na Cairati alishakuwa na buruji za pembe kali, kona zinazochomoza nje, ambazo Salses haikuwa nazo, lakini zote mbili ziliogopa kitu kimoja: mizinga. Nilipomweleza hayo ami hakusema neno. Aliweka kiganja ukutani, akatembea nao polepole mpaka kwenye kona, akapima kwa shibiri upana wa tundu la mzinga.

Kisha akatoa simu akampigia fundi mwenzake wa Mji wa Kale. Hata salamu hazikukamilika. Alimwagiza, akimaliza swala ya alasiri, apite Ngomeni amtazamie birika la uani, pembe zake za ndani zimenyooka au zimeviringwa.