Gramu 100, na bado wino unasambaa

SWALI: Natumia kalamu ya wino wa maji, Lamy Safari yenye nibu (ncha) M, ya unene wa kati, kuandikia maandalio ya masomo kila siku. Nilichoshwa na kaunta buku, nikanunua daftari la jalada gumu lililoandikwa gramu 100. Ajabu, herufi zinaota ndevu, na nyuma ya ukurasa kunachafuka kuliko zamani. Ninunue lipi?
Mwalimu, Tanga

JIBU: Mwalimu, gramu hizo ni uzito wa karatasi kwa mita moja ya mraba, basi. Hazisemi karatasi inakunywa wino kiasi gani. Karatasi ni nyuzi za mti zilizobanana, na nyuzi hupenda maji. Ndiyo maana kiwandani hutiwa wanga na kemikali za kuzuia maji, wino ukaukie palepale ulipotua. Wino wa bolpeni ni mzito wa mafuta, hauihitaji sana kinga hiyo. Wino wako ni maji yenye rangi. Anayetengeneza daftari kwa ajili ya watu wa bolpeni anaweza kubana gharama hapo, nawe ukapata karatasi nene inayofyonza. Karatasi ya Tomoe River ya Japani ina matoleo ya gramu 52 tu, na wino kwa kawaida hautoboi, ingawa kivuli cha maandishi huonekana upande wa pili.

Ukiweza kuagiza, zipo daftari za Rhodia za gramu 80 na Clairefontaine za gramu 90, zote za Ufaransa, na ni nzuri kweli. Lakini kwa maandalio ya kila siku, daftari la kuonea huruma kurasa zake mimi silipendi. Rudi kwenye kaunta buku, ila usinunue kwa kuangalia jalada. Sisi wa uchapaji tunanunua karatasi palipo na bei nafuu, kwa hiyo jalada lilelile mwakani huweza kuwa na karatasi nyingine kabisa ndani.

Nenda dukani na kalamu yako, nunua moja. Kwenye ukurasa wa mwisho andika mistari miwili kwa mwendo wako wa kawaida, kisha tuliza nibu sehemu moja uhesabu hadi tatu. Geuza. Doa likitokeza, si neno, hakuna anayeandika hivyo. Maandishi yakitokeza, achana nalo. Likifaulu, chukua ya mwaka mzima siku hiyohiyo, kutoka katoni ileile, na uyaweke kwenye sanduku lenye mfuniko: karatasi iliyoshika unyevu wa pwani husambaza wino hata kama ilikuwa nzuri.

Ila kabla ya yote hayo, nibu ya Safari huchomolewa ikabadilishwa. Weka EF, iliyo nyembamba zaidi, na wino usiotoka kwa wingi kama Pelikan 4001. Huenda hata kaunta buku ulilolikimbia likakutosha. Lile la gramu 100 liandikie kwa bolpeni.