Michango ya ofisini bila kununiana: maswali yenu

Mashindano, mbio na michango ya kuchangisha fedha za hisani kazini vimeniletea barua nyingi. Nimechagua hizi tano.

Bosi ametangaza kila idara ishindane kuchangia kituo cha watoto yatima. Tayari vijembe vimeanza. Ushindani unajenga umoja kweli?

Unajenga umoja ndani ya idara na ukuta kati ya idara. Mwaka 1954 mwanasaikolojia Muzafer Sherif aliwagawa wavulana wa miaka kama 11 katika makundi mawili kambini, huko Oklahoma, Marekani, akawashindanisha kwa michezo yenye zawadi. Haukupita muda wakaanza kutukanana na kuchomeana bendera. Kuwakutanisha mezani hakukusaidia, waliishia kurushiana chakula. Kilichowapatanisha ni shida ambazo kundi moja lisingeziweza: maji ya kambi kukatika, lori kugoma kuwaka mpaka wote washike kamba wavute. Jaribio hilo limekosolewa sana kwa sababu watafiti wenyewe walichochea ugomvi. Lakini hapo kwenu mchochezi ni bosi, kwa hiyo funzo linawafaa.

Mwombeni aweke lengo moja la ofisi nzima, kisha vikosi vichanganywe: mhasibu, dereva, mtu wa mapokezi na wa mauzo pamoja. Watu wanaosalimiana tu kwenye ngazi mwaka mzima watalazimika kupigiana simu.

Kwenye kundi letu la WhatsApp kila anayechanga ananakili orodha, anaongeza jina na kiasi chake, anairudisha. Mshahara wangu mdogo. Nikiona alichoweka meneja pale juu natamani kutoka kwenye kundi.

Usitoke, maana kutoka nako hakufichiki: wasimamizi wa kundi huarifiwa. Mwandikie mratibu pembeni, umwombe itangazwe jumla peke yake: tumefika nusu, basi. Orodha ya majina na viwango ni kudaiana hadharani, hata ikipambwa na vikopa vyekundu. Bora zaidi ni shughuli kama mbio au matembezi, ambapo fedha zinatoka kwa wadhamini wa nje na ninyi mnatoa jasho, maana kwenye jasho mhudumu na mkurugenzi wanalingana.

Na wewe meneja unayesoma hapa, usipite dawati kwa dawati. Aliye chini yako hawezi kukukatalia kwa uhuru.

Mimi na mwenzangu ndio tunafanya kila kitu. Wengine wanatokea siku ya picha.

Ni tabia ya watu wakiwa wengi. Mhandisi Mfaransa Max Ringelmann alionyesha, katika matokeo aliyochapisha mwaka 1913, kwamba wavuta kamba wanavyoongezeka ndivyo wastani wa nguvu ya kila mmoja unavyopungua. Sehemu ni kutovuta kwa pamoja, sehemu ni kutegeana. Ukiandika "tunaomba wa kujitolea" umemwomba kila mtu, yaani hujamwomba yeyote. Tengenezeni vikundi vya watu wanne, kila kazi iwe na jina la mtu na tarehe. Picha zipigwe siku ya kugawana kazi.

Tumepangiwa kukimbia kilomita 10 na goti langu ni bovu.

Pendekeza kilomita zijumlishwe kwa timu nzima, kila mtu achangie kwa mwendo wake, hata kwa kutembea. Mwaka 2020 Tom Moore, mwanajeshi mstaafu wa Uingereza aliyekuwa akikaribia miaka 100, alizunguka bustani yake mara 100 akijikongoja na kitembezi. Alilenga pauni 1,000, zikachangwa zaidi ya milioni 30. Hakuna aliyemuuliza ametumia dakika ngapi. Goti likigoma kabisa, shika daftari la wadhamini. Siku yenyewe utatafutwa kuliko mkimbiaji yeyote.

Fedha ashike nani? Mara ya mwisho kulikuwa na minong'ono.

Watu wawili wa idara tofauti, na akaunti isiyo ya mtu binafsi. Wapokeaji wathibitishe kwa maandishi walichopata. Hesabu zibandikwe ndani ya wiki moja, gharama za fulana zikiwemo, kwa sababu minong'ono mingi huanzia kwenye fulana. Na kabla hamjaziagiza, waulizeni mnaowachangia wanahitaji nini.