Toeni hiyo Hermitage kabatini

Mwezi huu barua nyingi zimehusu Hermitage, mvinyo mwekundu mzito unaotoka kwenye kilima kimoja juu ya mji wa Tain, ukingoni mwa mto Rhône, kusini mwa Lyon nchini Ufaransa. Kilima chote kina mizabibu ya hekta 140 hivi. Chupa ni chache na bei ni kubwa, ndiyo maana inaniuma kuona zinavyotunzwa huku kwetu.

Swali: Shikamoo. Shemeji yangu alitoka Lyon na Hermitage ya mwaka 2015, akatupa zawadi ya harusi. Tumeisimamisha kwenye kabati la vioo sebuleni, tuifungue tukitimiza miaka kumi ya ndoa. Itakuwa imeiva? (Msomaji, Tanga)

Jibu: Marahaba. Itakuwa imeharibika. Naomba uitoe hapo leo, hata kabla hujamaliza kusoma.

Mvinyo wa aina hii huzeeka vizuri gizani, chupa ikiwa imelala ili kizibo kisikauke, kwenye nyuzi 12 hadi 14 mwaka mzima. Sebule ya Tanga mwezi wa pili inapita nyuzi 30. Usiku mnawasha kiyoyozi, asubuhi mnazima. Mvinyo ukipata joto hutanuka na kusukuma kizibo, ukipoa hunywea na kuvuta hewa ndani. Hewa ikishaingia, kazi imekwisha. Na msidhani joto linauivisha haraka tu. Embe lililovundikwa kwa moto hulainika nje na ndani likabaki halina ladha. Huu nao ni hivyo hivyo.

Mwaka jana nilifungua chupa ya jamaa yangu wa Mombasa iliyokaa miaka sita juu ya friji. Kizibo kilikuwa kimepanda juu ya mdomo wa chupa, na chini ya kile kifuniko cha bati kulikuwa na mchirizi unaonata. Rangi ilikuwa ya chai ya rangi iliyolala. Harufu ilikuwa ya zabibu kavu zilizochemshwa, na siki kwa mbali. Mwenyewe aliniambia alikuwa akiifuta vumbi kila Jumamosi. Sikuwa na la kumwambia.

Kama mna uwezo, nunueni friji ya mvinyo, ile inayowekwa nyuzi 12 au 13. Kama hamna, ifungeni chupa kwa gazeti, muilaze rafu ya chini ya friji ya jikoni. Humo ni baridi mno na hewa ni kavu, kwa hiyo hesabuni miezi, msihesabu miaka. Kisha muifungue. Mwaka 2015 ulikuwa wa jua zuri upande ule wa Rhône, mvinyo wake umeshiba. Mwiteni shemeji mwenyewe aje, mnywe naye akiwa hai na nyinyi mkiwa hai.

Swali: Ni kweli mvinyo ukikaa sana ndiyo unakuwa mtamu? (Msomaji, Nairobi)

Jibu: Hapana. Swali hili nimelijibu mara nyingi mno. Mvinyo mwingi ulioko madukani umetengenezwa unywewe ndani ya mwaka mmoja au miwili, na kila mwezi unaouweka zaidi ya hapo unaupunguza. Unaostahili kusubiriwa ni mchache, na unasubiriwa mahali pa baridi.

Swali: Unasema bei ni kubwa, lakini nimepata Hermitage kwa bei ya chini sana. Kwenye karatasi imeandikwa Crozes-Hermitage. Nimeibiwa? (Msomaji, Lubumbashi)

Jibu: Hujaibiwa, hujasoma vizuri. Crozes ni mashamba ya jirani yanayokizunguka kilima, mengi yakiwa tambarare, na eneo lake ni zaidi ya mara kumi ya Hermitage yenyewe. Zabibu ni ile ile, Syrah. Ni mvinyo mzuri, ila unywe ndani ya miaka mitano hivi, usiuwekee mtoto wako.

Jina hili limewachanganya wengi. Afrika Kusini, zabibu ya Cinsaut ilikuwa ikiitwa Hermitage, wala haina undugu na kilima hiki. Ndiyo maana Abraham Perold, mtaalamu wa mizabibu wa huko, alipoizalisha na zabibu nyingine, Pinot Noir, mwaka 1925, mzao wake ukaja kuitwa Pinotage, hiyo mnayoinywa kila wikendi. Na katika karne ya 19 wafanyabiashara wa Bordeaux, eneo jingine la mvinyo Ufaransa, walikuwa wakimimina Hermitage kwenye mapipa yao ili kuupa mvinyo wao nguvu, wala hawakulificha, maana mchanganyiko huo uliuzwa kwa bei ya juu. Kwa hiyo soma kila neno kwenye karatasi ya chupa kabla hujatoa pesa.

Swali: Hotelini nilionja Hermitage ya miaka sita. Ilinikaza ulimi kama bibo, na harufu sikuipata. Mnachokisifu ni nini? (Msomaji, Arusha)

Jibu: Hili ndilo swali nililokuwa nikilingoja.

Ulichokipata ni ukakasi, na umeulinganisha vizuri na bibo, kwa kuwa chanzo ni kimoja: tanini. Kwenye mvinyo tanini hutoka kwenye maganda na kokwa za zabibu. Hushikamana na protini za mate, ulimi ukabaki mkavu. Miaka inavyokwenda ndani ya chupa, chembe za tanini huungana na kuwa kubwa, nyingine huzama chini, na mvinyo hulainika. Hermitage nzuri huhitaji miaka kumi hadi kumi na tano ndipo ianze kufunguka, na iliyotunzwa vyema hufika thelathini bado ina nguvu. Tena ina tabia moja: ikiwa changa kabisa hunukia, kisha hujifunga kwa miaka kadhaa, harufu ikajificha. Wewe umeikuta imejifunga. Hoteli iliyokuuzia bila kukuonya, na bila kuimimina kwenye jagi saa mbili tatu kabla, haikukutendea haki.

Siku nyingine agiza nayo nyama ya mbuzi ya kuchoma yenye mafuta. Tanini itapata kitu kingine cha kushikana nacho badala ya ulimi wako.

Namna ya kuonja: jaza theluthi moja tu ya glasi. Iinamishe juu ya karatasi nyeupe, utazame ukingo wa mvinyo. Ukingo wa zambarau ni wa mvinyo mchanga. Ukielekea rangi ya tofali, umri umeingia. Nusa kabla ya kuzungusha glasi, kisha zungusha, unuse tena. Halafu vunja punje moja ya pilipili manga uinuse, urudi kwenye glasi. Utaikuta humo humo. Kemikali yake inaitwa rotundoni, na watafiti wa Australia walieleza mwaka 2008 kwamba ndiyo hiyo hiyo iliyomo kwenye pilipili manga na kwenye Syrah. Karibu mtu mmoja kati ya watano haisikii, kwa hiyo mwenzako akikuambia hakuna pilipili, msigombane.

Na tafadhali, acheni kukariri majina ya matunda ya porini ya Ulaya ambayo hamjawahi kuyatia mdomoni. Syrah changa ina ladha ya zambarau, tunda lenyewe, lile linalopaka ulimi rangi. Semeni zambarau. Ikizeeka semeni ngozi, moshi, nyama iliyokaushwa juani, ardhi iliyonyeshewa. Pua yako inajua vitu vya kwenu, tumia hivyo.

Swali: Naweza kutia barafu? Au soda? (Msomaji, Dar es Salaam)

Jibu: Soda tia kwenye mvinyo wa bei rahisi, Hermitage iache. Barafu usitie, lakini una hoja. Ule ushauri wa "joto la chumba" ni wa vyumba vya Ulaya vya zamani. Huu unywewe kwenye nyuzi 16 hadi 18. Kwa Dar, iweke chupa kwenye friji kwanza kabla ya kumimina.

Swali: Nimesoma kuwa Syrah ilitoka mji wa Shiraz, Uajemi. (Msomaji, Zanzibar)

Jibu: Hadithi. Uchunguzi wa vinasaba wa mwaka 1998 ulionyesha wazazi wake ni Dureza na Mondeuse Blanche, zabibu mbili za Ufaransa ile ile.

Swali: Mvinyo mwekundu ni dawa ya moyo? (Msomaji, Mwanza)

Jibu: Usinywe kwa sababu hiyo. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilisema hakuna kiwango cha pombe kilicho salama kwa afya. Anayekuuzia kama dawa anakudanganya.

Swali: Mjomba ana Hermitage ya mwaka 1990 iliyokuwa kwenye ghala la chini, Brussels. Chini kuna uchafu mweusi. Imeoza? (Msomaji, Goma)

Jibu: Hayo ni mashapo, ile tanini na rangi niliyosema huzama. Ni dalili njema. Mwambie mjomba aisimamishe chupa siku mbili kabla. Kizibo cha umri huo hukatika, akivute polepole. Amimine kwenye jagi kwa mkono usiotikisika, bila kusimama, tochi ya simu ikimulika shingo ya chupa kutoka chini. Akiona uzi mweusi unaingia shingoni, aache. Na asiimimine mapema: harufu ya chupa ya zaidi ya miaka thelathini inaweza kuisha ndani ya nusu saa. Wageni wawe wameshakaa, glasi ziko mezani, ndipo avute kizibo.