Ushuru wa soko tunalipa, takataka hazizolewi: mwenye kazi ni nani?

Swali: Habari wakili. Nauza mitumba kwenye mji mdogo hapa Kenya, tuko watu kama 15,000 hivi. Kila siku ya soko natozwa ushuru lakini takataka nyuma ya kibanda changu hazijaguswa tangu mwezi jana. MCA, yaani mwakilishi wa wadi yetu kwenye bunge la kaunti, ananituma kwa kamati ya mji, kamati inasema haina pesa, na sasa tunasikia kamati hiyo hiyo inataka kupandisha ushuru. Zamani town council ilikuwa na trekta lake. Nimshike nani?

Jibu: Dada, mwenye kazi ni serikali ya kaunti, usikubali kuzungushwa. Katiba ya 2010, Jedwali la Nne sehemu ya pili, imeweka uzoaji wa taka, masoko, taa za barabarani, parking, leseni za biashara na zima moto mikononi mwa kaunti. Polisi na shule za msingi na sekondari si zao, na ile lami kubwa inayokatiza mjini mara nyingi ni ya KeNHA, mamlaka ya kitaifa ya barabara kuu, kwa hivyo hayo usiwaulize.

Town council unayoikumbuka ilizikwa 2013 kaunti zilipoanza. Ilikuwa na madiwani wa kupigiwa kura, karani wake na mfuko wake. Kamati ya mji ya siku hizi ni kitu kingine kabisa, imetoka kwenye sheria ya miji ya 2011 iliyorekebishwa 2019, ambayo inasema mji wa kuanzia watu 10,000 unaweza kupewa hadhi ya town, ukifika 50,000 ndio unaweza kuomba kuwa manispaa yenye bodi na hati yake. Wanakamati wanateuliwa na wanasimamia mji kwa niaba ya kaunti, basi.

Chukua risiti yako ya soko uisome pale juu, utaona jina la kaunti. Hiyo hela inaingia kwenye Mfuko wa Mapato ya Kaunti, kifungu cha 207 cha Katiba, na haitoki huko mpaka bunge la kaunti liipangie matumizi. Kwa hivyo kamati ikisema haina pesa inawezekana ni kweli kabisa, ila hilo haliifutii kaunti wajibu wake hata kidogo, na MCA anayekutuma kwa kamati ndiye huyo huyo aliyekaa bungeni bajeti ikipitishwa, kazi yake ni kuibana serikali ya kaunti na inaniuma sana nikiona mwakilishi anamrudisha mama wa soko kwa watu wasio na mfuko.

Kuhusu kupandisha ushuru, kamati haina uwezo huo. Viwango vinawekwa na Finance Act ya kaunti, yaani sheria yake ya fedha, inayopitishwa na bunge la kaunti baada ya wananchi kuitwa watoe maoni. Kanjo, yaani askari wa kaunti, akikudai zaidi ya kilichoandikwa humo mwambie akuonyeshe jedwali la viwango, ni haki yako.

Sasa fanya hivi. Andika barua kwa afisa mkuu wa mazingira wa kaunti, nakala kwa msimamizi wa mji na kwa MCA, uitaje sheria ya kupata habari ya 2016, uulize mambo matatu tu: soko lenu lilikusanya ngapi mwaka wa fedha uliopita, uzoaji wa taka mjini kwenu umetengewa ngapi mwaka huu, na gari linatakiwa kupita siku gani. Nakala yako igongwe muhuri wa mapokezi, bila muhuri watakwambia hawakuiona. Wana siku 21 kujibu, wakinyamaza peleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile tunayoiita Ombudsman, hulipi kitu. Wakijibu kwamba fungu la taka lilikuwepo, hiyo karatasi ndiyo ya kuambatanisha na petition, yaani ombi rasmi la wananchi, kwa bunge la kaunti, sahihi za wenzako wa soko ziwe nyingi. Na kama fungu halikuwepo kabisa, kumbuka mpango wa maendeleo wa mwaka unafikishwa bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba, vikao vya maoni vikiitwa nendeni kikundi kizima na mhakikishe mmeandikwa kwenye ripoti.