Tukingoja Daktari Usiku

SWALI: Binti yangu, miaka 16, anasema hataki kuishi. Tukimpeleka hospitali ya Ligula, Mtwara, usiku, tungoje vipi? — Mama, Mikindani

JIBU: Pole sana, mama. Mpelekeni usiku huohuo. Mapokezi sema wazi: "Anataka kujiua." Ukiona haya ukasema "kichwa kinamuuma", atawekwa foleni ya kawaida. Kama amemeza kitu, beba pakiti yake, hata tupu. Huenda akapimwa kwanza malaria na sukari. Msikasirike, vyote viwili huweza kuvuruga akili. Mmoja wenu asibanduke ubavuni mwake. Hata msalani, komeo lisifungwe. Mkoba wenye dawa au wembe akae nao mjomba, nje. Kumuuliza kuhusu kujiua hakumtii wazo hilo kichwani, basi muulizeni, kwa upole. Msiondoke bila tarehe ya kliniki.